Mwaka Niliokalia Mbegu

Busia, Kenya
30 Machi 1968

Mpendwa Mama Rasto,

Pokea salamu zangu wewe na Baba Rasto na watoto wote, na yule mdogo nisiyemjua sura mwambie ana mama mwingine huku Busia anayemsalimu. Natumaini baridi ya Nakuru haijawarudishia kile kikohozi, na kidonda cha mguu wa Rasto kimefunga. Kaka yako Okochi nilikutana naye sokoni mwezi uliopita, ametoka Petta na magunia ya mtama. Alisema wazee wote wanapumua, ng'ombe wamezaa, na kwamba hujawaandikia tangu Krismasi. Nilimwambia wewe ukishika kalamu huwa unaniandikia mimi, akanuna. Tafadhali mwandikie, usinitie ubaya na watu wa kwenu.

Sisi huku tu wazima. Tom yuko darasa la saba na ameshanipita urefu, wadogo zake wanakula kama nzige. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Roho ndiyo mbaya, Mama Rasto. Nina wivu. Nalisema hapa juu kabisa kwa sababu ukisoma mpaka chini utaliona tu, na wewe ulinijua tangu tukipikia jiko moja kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Tororo, wakati mimi ni mke peke yangu na sijui wivu unakaa upande gani wa mwili. Sasa najua. Unakaa hapa chini ya koo, na chakula kikishuka kinaupitia.

Habari yenyewe ni ya safari ya Mombasa. Ahadi ile uliisikia kwa masikio yako. Baba Tom aliponioa, bado anafundishwa kuunganisha mabehewa, aliapa mbele yenu wote kwamba likizo yake ya kwanza atanipandisha gari moshi mpaka bahari inapoanzia. Likizo ya kwanza akazaliwa Tom. Ya pili akafa baba mkwe. Ikaja ya kuezeka mabati, ikaja ya kesi ya mpaka wa shamba, na moja nzima ikaishia Dabani, ng'ambo ya mpaka wa nchi, kupeleka ng'ombe wa kumwoa Loy. Mume akileta wa pili, wewe wa kwanza unatandika mkeka na kukaribisha wageni, ndivyo tulivyolelewa. Loy akaenda kukaa naye Tororo katika chumba chetu kilekile, mimi nikarudishwa huku nyumbani kushika boma, shamba na mama mkwe. Hata hilo nililimeza. Lakini bahari ilikuwa yangu. Hiyo sikumgawia mtu.

Basi mwezi wa pili akapita Edeku, yule gadi wa gari moshi, Mteso anayeongea kama amemeza kengele, akienda kwao Amukura kwa baiskeli. Alikuwa ameniletea sukari kutoka kwa Baba Tom. Hata kukaa hakukaa. Akiwa bado ameshika usukani akanipa hongera. Alisema pasi ya likizo ya Baba Tom, ile ya kusafiri bure, imetoka, ameiona kwa macho yake mezani kwa karani, nayo imeandikwa Osborn na mke wake Felistus, Tororo mpaka Mombasa na kurudi, baada ya Pasaka. Akaongeza kwamba tutafikia kwa rafiki yao wa kazi aliyehamishiwa kule, chumba kipo na kitanda kipo. Nilifurahi hata nikasahau kumkaribisha chai, mtu wa watu akaenda na kiu yake.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kama mjinga yeyote. Nilitangaza. Jumapili nilisimama kanisani kutoa shukrani, akina mama wakaimba mpaka mwalimu wa kwaya akawaomba wakae. Mama mkwe, Nasirumbi, ambaye unamjua hacheki ovyo, aliniletea chupa ya dawa iliyooshwa vizuri, nimchotee maji ya bahari ya kusugulia goti. Baada yake chupa zikaanza kumiminika. Huyu ana mgongo, yule ana mtoto mwenye upele, mwingine hana ugonjwa wowote anataka tu kuonja. Ukuta mzima wa nyumba yangu ukajaa chupa. Hata Nereah, mke wa shemeji yangu Odhiambo, ambaye akiniomba chumvi huomba kwa kununa, siku hizo alikuja mwenyewe kunisaidia kuchambua maharage.

Nikaanza kupanga. Mke wa katekista aliwahi kukaa huko kwa kaka yake, na nilimchosha kwa maswali. Ndiye aliyenifahamisha kwamba Mombasa ni kisiwa, maji yameizunguka pande zote, gari moshi linaingia kwa kuvuka maji. Sikumwamini mpaka akaapa. Alisema mchanga wa ufukoni ni mweupe kama unga wa muhogo, na watu wazima wanavua viatu na kutembea peku bila aibu. Alisema kuna feri, chombo kinachobeba watu na magari kwa pamoja kwenda Likoni, na ukiwa ndani huhisi hata kama unasogea. Akanionya nisiyanywe maji yale, na nisiingie nikiwa nimeshiba. Nikapanga hivi: siku ya kwanza nitakaa tu niangalie. Siku ya pili nitie miguu. Siku ya tatu, Mungu akipenda, niingie mpaka kiunoni nimemshika Baba Tom mkono, maana huko nani anatujua? Nilishonesha gauni la maua ya buluu kwa fundi wa karibu na forodha, nikanunua raba nyeupe nikazifungia sandukuni nisije nikazivaa shambani kwa kiherehere. Nilikuwa na miaka yangu yote hii, Mama Rasto, na nilikuwa nafungua sanduku kila jioni kuziangalia raba.

Baba Tom akaja Jumamosi. Nilimchinjia jogoo. Alikula, akanawa, akaziona chupa zimejipanga ukutani, akauliza za nini. Nikamwambia za maji ya bahari. Akachukua kijiti akachokonoa meno kama aliyekwamwa na mfupa. Halafu akasema, polepole kama mtu anayeongea na mama mkwe wake:

"Mama Tom, jina ni la ofisini tu. Anayekwenda ni Loy."

Akanieleza, nami nakueleza wewe, ingawa mume wako ni wa reli na huenda unajua. Ofisini mfanyakazi ana mke mmoja, ndiyo kanuni yao. Jina lililoandikwa tangu zamani zile ni Felistus, na Loy hawamjui. Kwa hiyo Loy atapanda gari kwa jina langu. Mkaguzi wa tiketi akipita akaita Felistus, Loy ataitika. Wenyeji wao watamwita shemeji Felistus, karibu shemeji Felistus. Atakula upepo wa bahari kwa jina langu, na mimi mwenye jina nitakuwa huku nafukuza tumbili kwenye mahindi. Nilimwuliza kwa nini Loy. Akasema imepangwa hivyo, Loy ni mwepesi wa safari, na boma hili nani atabaki nalo. Aliyasema hayo akiangalia mlango. Sikulia. Nilitoa vyombo nikaenda kuviosha, nikaviosha mara mbili.

Chupa sikurudisha hata moja. Aliyeniuliza nilimwambia safari iko palepale. Lakini mambo hayafichiki katika boma la watu wengi, na mwezi wa tatu ulipoanza Loy mwenyewe akaja nyumbani na jembe lake, kulima shamba lake kama kila mwaka. Nereah akatambua kila kitu kwa siku moja. Alinikuta kisimani akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama zile raba zangu zitamtosha Loy. Nilijitwika mtungi nikaondoka. Lakini ile sentensi nililala nayo, nikaamka nayo.

Na Loy, sikudanganyi, hakunifanyia ubaya wowote. Si mvivu, si mjeuri, watoto wangu wanampenda. Hilo nalo lilikuwa kosa lake. Akicheka nasikia bahari. Akijipaka mafuta miguuni najua anaiandaa kwa ajili ya mchanga. Akiniamkia asubuhi, "Umeamkaje, mama mkubwa," nilikuwa naitikia huku namtazama shingo, naona mkufu wa simbi za baharini atakaonunuliwa. Nilimwonea wivu hata kivuli chake kilivyokuwa chembamba. Usiombe, dada yangu.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi mlioishi miaka mingi kwenye nyumba za reli huenda mmelisahau. Hapa kwetu mbegu haiingii ardhini bila mke wa kwanza. Mama mkwe hashiki jembe tena, kwa hiyo mlango wa mashamba yote ya boma hili ni mimi. Mume anatakiwa kwanza alale nyumbani kwa mke mkubwa, na asubuhi yake mke mkubwa anatia mbegu zake. Ndipo mke wa pili anapanda, ndipo ndugu wadogo wa mume na wake zao wanapanda. Anayeruka zamu anajiitia chira, ule ugonjwa wa kukonda mpaka mtu anabaki macho, na haumshiki yeye tu, unawafuata hata watoto. Tena hakuna mke anayeruhusiwa kwenda kutembea akaacha shamba lake halijapandwa, mama mkwe hawezi kulisikia hilo. Nilikuwa nimekaa jikoni nachochea moto wakati mambo haya mawili yalipokutana kichwani mwangu. Nisipopanda mimi, Loy hapandi. Loy asipopanda, haendi Mombasa.

Nikazikalia mbegu.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka huu, vizuri ya kukera. Jirani zetu wote walikimbilia mashambani. Mimi nikasema mahindi yangu ya mbegu bado hayajakauka, nikayapandisha tena juu ya moshi. Yakakauka. Nikasema mpini wa jembe umelegea. Odhiambo akanichongea mpini mpya siku ileile, mpini mzuri sana, nikasema ni mzito. Kichwa kikaniuma, kiuno kikaniuma. Baba Tom alikuja mwisho wa juma, naye desturi anaijua, alikuwa tayari kuja kulala kwangu. Nikamtumia ujumbe kwamba mtoto ana homa na nyumba haina nafasi. Mtoto alikuwa nje anapanda mti. Baba Tom akarudi Tororo bila kuuliza.

Mahindi ya jirani yakachomoza. Yetu yalikuwa bado kwenye vikapu, boma zima. Nereah akaacha kunitania, akaanza kunisalimia kwa heshima, na hapo nikajua ameogopa. Odhiambo alikuwa anakwenda mpaka ukingo wa shamba lake kila asubuhi, anaangalia udongo, anarudi nyumbani. Ana watoto wengi kuliko mimi. Unafikiri sikuona? Niliona. Nilijiambia, hawa wote walileta chupa, waone sasa bahari inavyokuja. Ndivyo roho yangu ilivyokuwa, na nakuandikia kama ilivyokuwa bila kuipaka rangi. Na Loy kila siku alikuwa anapalilia magugu kwenye shamba lisilo na kitu, maana alishindwa kukaa bure.

Mwisho akaja mama mkwe. Hakunikemea. Alikaa kwenye kigoda changu jikoni, akanyoosha lile goti bovu, akataka uji. Alipomaliza akaniuliza ninataka nini, na nisimwambie habari za mpini. Nikamwambia nataka bahari. Akauliza kama ndiyo ile aliyoniagiza maji yake. Nikasema ndiyo hiyo. Akalikanda goti lake, akasema chakula chake yeye hupikwa na nyumba zote za boma hili kwa zamu, na mwaka huu hataki kufa njaa kwa sababu ya maji ya chumvi. Akamtuma Odhiambo kwa baiskeli mpaka Tororo kumwita mwanawe.

Baba Tom aliomba ruhusa akaja. Tulikaa nyumbani kwa mama mkwe, sisi wote, na Loy mlangoni. Mama mkwe hakuzungusha maneno. Alimwambia Baba Tom kwamba mwanamke akikalia mbegu, ujue naye kuna aliyemkalia. Akamwuliza jina lililoko kwenye pasi ni la nani. Baba Tom akasema ni la Mama Tom. Akamwuliza Mama Tom ni yupi kati ya hawa. Baba Tom akawa anazungusha kofia yake magotini, anaizungusha tu, mpaka mama yake akamwambia aiweke chini.

"Basi," akasema, "Mama Tom ajiandae."

Mama Rasto, nilishinda! Mbele ya Nereah, mbele ya Odhiambo, mbele ya Loy. Sikupiga kigelegele kwa sababu ya adabu, lakini kilikuwa hapa mdomoni. Baba Tom akalala kwangu kama desturi inavyotaka. Alizungumzia bati linalovuja, akauliza karo ya Tom, akageukia ukuta. Nilidhani ana hasira, nami sikujali, mshindi anajali nini? Asubuhi niliingia shambani na kikapu kichwani, gauni safi, nikatia mbegu moja moja bila haraka, na wote wamesimama na majembe wakinisubiri nimalize. Nikamaliza nilipotaka. Ndipo Loy akaanza, akafuata Odhiambo na Nereah, na siku ile boma zima lilipanda mpaka giza likawatoa shambani. Mahindi yetu yatachelewa, lakini Mungu ni mkubwa, tutakula.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Juzi Loy alikuja jikoni kwangu na sanduku dogo jipya la bati na leso ya kichwa, vitu ambavyo Baba Tom alikuwa amemnunulia kwa ajili ya safari. Alisema vinamfaa anayekwenda. Mimi badala ya kupokea na kushukuru nikashindwa kuuzuia mdomo wangu. Nilimpa pole. Nilimwambia asijali, nitamletea maji kwenye chupa, na akijitahidi kunizalia watoto wa kunisaidia kazi labda naye ataitwa mwaka mwingine. Unajua yeye bado hajapata mtoto. Nilijua ninachosema, na nilitaka kiingie.

Loy akaliweka sanduku chini. Hakukasirika. Alinijibu kwa kile Kiswahili chao cha ng'ambo, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mama mkubwa, mimi sikutaka hii safari. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, peleka mama mkubwa, mimi siwezi kutangulia yeye kwa kitu kipya. Nilikataa, akaniomba tena, nikakataa. Nikamwambia, lakini kwa pasi ni Felistus. Akasema, na Felistus nakwenda kuongea nini mpaka bahari?"

Nilimwambia ni mwongo. Akasema hapana, muulize mwenyewe. Akasema Baba Tom aliapa kwamba Loy asipokwenda, atakwenda peke yake au aiache pasi ife, na ndipo akaamriwa na akakubali, maana mume ni mume. Hakuwa ananichoma, Mama Rasto. Ningependa kukuambia alikuwa ananichoma. Alikuwa anajitakasa tu, anaogopa chira, anataka nijue kwamba hakuiba zamu yangu. Alidhani mambo mengine yote nayajua. Kisha akaniomba kibiriti, akaenda kuwasha moto wake.

Nilibaki pale na sanduku. Uji ukafurika ukazima moto. Nilimtafuta Loy moyoni mwangu nimchukie kama nilivyozoea, nikamkosa. Muda wote huu nilidhani kuna mtu amekaa mahali pangu. Hakuna mtu aliyekaa. Mahali pangu palikuwa wazi kabisa, na mume wangu aliona afadhali pakae wazi.

Wala si mtu mbaya, wewe unamjua. Hajawahi kunipiga, sukari haikosi, watoto wanavaa. Hana tu la kuniambia. Na nikikaa nikajiuliza mimi nina lipi la kumwambia, lisilo bati wala karo wala ng'ombe aliyeingia shamba la watu, sipati. Tumekuwa watu wa kutumiana ujumbe, sijui tangu lini.

Na hili sasa hata padri sitamwambia, nakuambia wewe. Ungedhani baada ya kuyajua hayo wivu ungeniisha. Haukuisha. Umekuwa mbaya zaidi. Kwanza nilimwonea Loy wivu kwa sababu ya bahari. Sasa namwonea wivu kwa sababu ya kukataa. Yeye aliombwa akasema hapana, akaombwa tena. Mwanamke mwenzangu, ndani ya nyumba yangu ya zamani, aliombwa mpaka akachoka kuombwa. Mimi ninapelekwa kwa sababu ya mahindi.

Najua utasema niache, nimpe Loy sanduku lake, nijikalie nyumbani na heshima yangu. Nimelifikiria hilo. Siachi. Chupa za watu ziko ukutani, na miguu yangu bado inataka kuingia ndani ya maji yale hata kama hakuna wa kunishika mkono. Nitakwenda. Baba Tom sijamwambia kwamba najua, na Loy nimemwomba asimwambie. Akakubali. Tena jana alikuja kunisaidia kufunga dagaa kwenye majani, tukafanya kazi pamoja mpaka ikaisha, na nilikuwa na wivu muda wote.

Lakini nakuhitaji, dada yangu, na ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu. Chumba chenu na chetu pale landi viligawanywa na ukuta mmoja mwembamba. Wewe ndiye uliyekuwa ukiugonga kwa mwiko, ukituambia tunyamaze, kesho Baba Rasto ana zamu ya alfajiri. Kwa sababu tulikuwa tunaongea, mimi na Osborn. Tulikuwa tunaongea na kucheka mpaka ninyi mnakosa usingizi, na asubuhi unaniuliza kama tumemeza kasuku. Hilo nalikumbuka vizuri. Nakumbuka mpaka alivyokuwa anaziba mdomo kwa blanketi. Ila tulichokuwa tunakiongea nimekisahau, Mama Rasto. Tangu juzi najaribu, nikiwa nasaga, nikiwa nateka maji. Naupata ule mcheko, maneno siyapati.

Wewe ulikuwa unasikia. Hata usikatae, ukuta ule nani hakusikia. Gari letu litapita Nakuru Alhamisi ya baada ya Pasaka, na Baba Rasto anajua saa zake kuliko mimi. Linasimama muda wa mtu kushuka akanywa chai. Nakuomba uje stesheni. Usilete mkate, usilete kitu chochote cha kubeba. Nitamtuma Baba Tom akanunue chai, na wewe usogee dirishani, uniambie mambo mawili matatu uliyokuwa ukiyasikia. Hata kama ni ya kipuuzi, najua yalikuwa ya kipuuzi. Kutoka Nakuru mpaka bahari bado ni mbali, na mimi nataka nianze kuongea.

Nisalimie Baba Rasto, mwambie asicheke. Mama mkwe anakusalimu na anasema goti linasubiri. Loy naye amenisihi nisilisahau jina lake kwenye salamu, basi pokea na za kwake. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi rafiki yako,
Felistus, Mama Tom